Mfupa wa Binti Haungoji

Hotuba kwa wazazi, walimu wa michezo na makocha wa timu za wasichana

Ndugu wazazi, walimu, makocha, na nyinyi mabinti mlioketi pale mbele mkijifanya hamsikilizi, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie michezo na afya ya msichana. Mada hiyo ni pana, na walionitangulia wameshagusa moyo, uzito, nidhamu na masomo. Mimi nitabaki kwenye mifupa. Tena nitaitazama miaka michache tu, ile ya kabla kidogo na baada kidogo ya binti kuvunja ungo. Hoja yangu naitoa mapema, ili anayetaka kusinzia asinzie akiwa ameshaisikia: katika miaka hiyo michache mwili wa msichana unajenga sehemu kubwa ya mifupa atakayoitegemea mpaka uzeeni, michezo ya kuruka na kukimbia inaufanya ujenge zaidi, na ni miaka hiyohiyo ambayo wasichana wengi huacha michezo. Wengine huacha wenyewe. Wengine sisi ndio tunaowaachisha.

Tumezoea kuuona mfupa ukiwa mkavu, umetupwa, ndiyo maana tunaufikiria kama kitu kilichokwisha umbwa na hakibadiliki. Mfupa ulio ndani ya mwili ni hai. Una damu, una mishipa ya fahamu, na una seli ambazo kazi yake ni kubomoa mfupa mkongwe, na nyingine ambazo kazi yake ni kujenga mpya. Halafu ziko seli za aina ya tatu, ambazo ni nyingi kuliko hizo zote, zimezikwa ndani ya mfupa wenyewe. Hizi ndizo zinazohisi. Mguu unapotua chini kwa kishindo, mfupa hupinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Majimaji yaliyomo kwenye vijitundu vyake husukumwa, na seli zile huusikia msukumo. Ukizidi ule zilioutarajia, zinaagiza ujenzi. Zisipousikia kwa muda mrefu, ubomoaji unashika hatamu. Wanaanga wanaoishi angani, mahali ambapo mwili hauhisi uzito wake, hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya mfupa wa nyonga kila mwezi, na hao ni watu wazima wenye afya waliochaguliwa kwa makini. Kwamba mfupa hujipanga kufuatana na mzigo unaobebeshwa si habari mpya. Daktari wa Ujerumani, Julius Wolff, aliliandika hilo mwaka 1892. Kilicho kipya ni kujua wakati gani mfupa unasikia vizuri zaidi.

Huko Saskatchewan, Kanada, watafiti walianza mwaka 1991 kuwapima watoto walewale mwaka baada ya mwaka wakikua. Waliyoyaona kwa wasichana ni haya. Kasi ya kurefuka hufika kileleni kwa wastani karibu na umri wa miaka 12. Madini nayo huingia mfupani kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote, lakini kwa kuchelewa kidogo, miezi kadhaa baadaye. Na katika miaka 2 tu inayozunguka kilele hicho, mwili huweka takriban robo ya madini yote ya mfupa atakayokuwa nayo mtu mzima. Robo nzima, katika miaka 2. Kiasi hicho kinakaribia kile ambacho watu wengi hukipoteza katika utu uzima wao wote. Akifika miaka 18, msichana ameshajikusanyia karibu asilimia 90 ya mfupa wake. Kinachobaki ni kidogo, na kinapatikana polepole.

Hapo kwenye kule kuchelewa kwa madini naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi hukosea. Kwa miezi kadhaa mfupa umekwisha kurefuka lakini haujajazwa sawasawa. Ndiyo maana mivunjiko ya mkono, hasa pale juu kidogo ya kiganja, huongezeka katika umri huo. Binti anateleza, anajishika kwa mkono, mkono unavunjika. Mzazi anasema, "Basi, mpira mwisho leo." Namwelewa, mtoto akilia usiku hakuna anayefikiria takwimu. Lakini mkono ukishapona, kumkataza asirudi uwanjani ni kuunyima mfupa kichocheo chake katika miezi ambayo unakihitaji kuliko miezi mingine yote.

Sasa niwaeleze utafiti ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili. Ukitaka kujua kama michezo inajenga mfupa, una tatizo. Ukilinganisha wachezaji na wasiocheza, mtu atakuuliza: je, kama waliochagua michezo walizaliwa na mifupa imara? Je, kama wanakula vizuri zaidi? Wachezaji wa tenisi wanaliondoa tatizo hilo lote. Mchezaji ana mikono miwili, baba mmoja, mama mmoja, sahani moja ya chakula, homoni zilezile. Mkono mmoja unapiga mpira kwa raketi maelfu ya mara. Mwingine unarusha mpira juu na kusubiri. Tofauti yoyote kati ya mikono hiyo miwili imetokana na kupiga.

Mwaka 1995 Pekka Kannus na wenzake nchini Ufini walitoa matokeo ya kuwapima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi. Mfupa wa mkono wa raketi ulikuwa na madini mengi zaidi kuliko wa mkono wa pili, jambo ambalo wengi wangelitabiri. Habari kubwa ilikuwa kwenye umri wa kuanza. Kwa wale walioanza kucheza kabla ya kuvunja ungo au wakati huohuo, faida ilikuwa takriban mara 2 ya ile ya walioanza baadaye. Mchezo uleule, raketi ileile, na waliochelewa kuanza wakapata nusu.

Waliochelewa wasikate tamaa, maana nusu si sifuri. Ila kwa sisi tunaopanga ratiba za shule na vilabu, matokeo hayo yana maana yake. Tukisubiri binti afike miaka 16 ndipo tumwite kwenye timu kwa kuwa sasa "ana mwili," tumemwita mfupa ukiwa umeshapunguza kasi.

Mtu ataniuliza: ni lazima iwe tenisi? Hapana. Mwaka 2001, huko Oregon, Marekani, yalichapishwa matokeo ya jaribio la watoto wa shule ya msingi, wavulana kwa wasichana, ambao walikuwa hawajabalehe. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kujinyoosha. Kundi la pili liliruka kutoka kwenye maboksi ya urefu wa sentimita 61, likitua kwa miguu yote miwili, miruko 100 kwa kipindi, vipindi 3 kwa wiki, kwa miezi 7. Kila mtoto alipotua, nguvu iliyompiga kutoka sakafuni ilikuwa kama mara 8 ya uzito wake. Baada ya miezi hiyo 7, waruka maboksi walikuwa wamewazidi wenzao kwa asilimia 4.5 ya madini kwenye shingo ya mfupa wa paja, na asilimia 3.1 kwenye uti wa mgongo. Shingo ya mfupa wa paja, kwa msioifahamu, ndiyo ile inayovunjika bibi anapoanguka, na baada ya hapo wengi hawarudi tena kutembea kama zamani.

Naomba kesho asiamke mtu akamrusha mtoto kutoka juu ya meza. Lile lilikuwa jaribio lenye wasimamizi. Kwa kocha wa kawaida, anza chini kabisa: binti asimame wima, aruke papo hapo, atue kwa nyayo zote mbili kwa pamoja, magoti yakikunjika kidogo na kubaki juu ya vidole, yasigongane kwa ndani. Akitua magoti yakaingia ndani, msimamishe, mwelekeze, arudie. Akishamudu, apande ngazi moja ya chini, kisha ya pili. Kamba ya kuruka inatosha kabisa kwa wiki nyingi za mwanzo.

Wala si lazima mazoezi hayo yawe mengi. Hapa kuna jambo ambalo makocha wa mazoezi yanayochukua muda wa saa 3 hawapendi kulisikia. Mwaka 1984 Clinton Rubin na Lance Lanyon walichapisha majaribio waliyofanya kwenye mfupa wa bawa la ndege, wakiubebesha mzigo kwa idadi tofauti kila siku. Mizigo 36 kwa siku iliujenga mfupa vilivyo. Walipoongeza hadi 1,800, mfupa haukuongeza kitu. Seli za mfupa ni kama mwenye nyumba aliyezoea kelele za jirani: hodi za kwanza anazisikia, baada ya hapo hageuzi hata shingo. Majaribio mengine kwa wanyama yameonyesha kwamba zikipumzishwa saa kadhaa usikivu wake unarudi. Kwa hiyo dakika 10 za kuruka asubuhi na nyingine 10 jioni zina maana kubwa kwa mfupa kuliko saa moja ya kuzunguka uwanja kwa mwendo uleule. Mbio ndefu za polepole zina faida zake, lakini nazo ni kishindo kilekile kinachojirudia, na mfupa hukizoea mapema.

Michezo inayoupa mfupa kitu kipya kila mara ni ile yenye kuruka, kutua, kusimama ghafla na kugeuka: mpira wa wavu, mpira wa kikapu, mpira wa pete, mpira wa mikono, soka, jimnastiki, mbio fupi, miruko ya riadha. Kuogelea na baiskeli ziko upande mwingine. Waogeleaji wengi, pamoja na misuli yao yote, hupimwa wakakutwa na mifupa isiyotofautiana sana na ya wasiocheza chochote, kwa sababu maji yanabeba uzito. Simwambii mtu amtoe mtoto kwenye bwawa. Kuogelea kunajenga moyo na mapafu, na kunaokoa maisha. Aogelee, kisha mara 3 kwa wiki aruke kamba nchi kavu kabla hajaingia majini.

Faida hiyo inadumu? Ushahidi mzuri tulio nao unatoka kwa wanaume, wachezaji wa besiboli wanaorusha mpira kwa mkono mmoja, waliopimwa wakiwa bado wanacheza na wengine wakiwa wamestaafu miaka mingi. Mwaka 2014 Stuart Warden na wenzake waliripoti kwamba kiasi cha nusu ya unene ulioongezeka kwenye mfupa wa mkono wa kurushia, na theluthi moja ya uimara wake, vilibaki maisha yote, hata kwa walioacha kurusha zamani. Madini ya ndani hupungua kadiri umri unavyokwenda, lakini umbo la nje lililopatikana ujanani linabaki. Kwa mwanamke hilo ni kubwa zaidi, maana hedhi ikikoma, estrojeni, ile homoni ya kike, hushuka na mfupa hupungua haraka. Duniani kote, inakadiriwa kuwa mwanamke 1 kati ya 3 waliopita miaka 50 atavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu wa mifupa.

Mpaka hapa nimesema michezo ni mizuri, na makocha mnaitikia kwa vichwa. Sasa nahamia upande ambao baadhi yenu mtaninunia.

Michezo hiyohiyo inayojenga mfupa inaweza kuuvunja, kama binti anatumia nguvu nyingi kuliko chakula anachokula. Mwaka 1984 Barbara Drinkwater na wenzake walichapisha vipimo vya wanariadha wa kike. Wale ambao hedhi yao ilikuwa imekatika walikuwa na madini machache kwenye uti wa mgongo kuliko wenzao wanaopata hedhi kama kawaida. Walikuwa vijana, wana mazoezi, wembamba, picha kamili ya afya kwa macho ya mtazamaji. Ndani, mifupa ya mgongo ilikuwa ikipungua.

Inavyotokea ni hivi. Chakula kikipungukia mazoezi kwa muda, ubongo hupima hali na kuamua kwamba huu si wakati wa kubeba mimba. Unapunguza ishara kwa ovari, yaani vifuko vya mayai ya uzazi, ovari zinapunguza estrojeni, hedhi inavurugika au inakatika kabisa. Estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wa mfupa wasizidishe kazi. Ikishuka, wanabomoa bila wa kuwashika. Na kwa binti wa miaka 13 au 14 hasara ni mbili: anabomoa alichonacho, na anapitwa na ule msimu wa robo nzima niliousema.

Makocha, nawaomba hapa mnisikilize bila kinyongo. Yapo maneno yanayopita viwanjani kwamba hedhi ikikatika ndiyo dalili kuwa binti ameiva kimchezo. Ni uongo, na ni uongo wa hatari. Hedhi ya msichana anayecheza ni kipimo cha bure kinachosomwa kila mwezi, na kinaonyesha kama chakula kinatosha. Mwaka 2019 mkimbiaji wa Marekani Mary Cain, aliyekuwa akitajwa kama msichana mwenye kasi kuliko wenzake wote nchini mwake, alieleza hadharani kwamba chini ya shinikizo la kupunguza uzito hedhi yake ilikatika kwa miaka 3 na akavunjika mifupa 5. Alipokuwa akipungua, hakuwa akiongeza kasi. Kasi yenyewe iliisha.

Kwa hiyo mizani ile ya kuwapima mabinti mbele ya wenzao iondoeni. Sijawahi kuona imemjenga mchezaji. Nimeona imewafunza wasichana kuruka mlo wa jioni.

Dalili za kutazama si nyingi. Binti ametimiza miaka 15 na hajavunja ungo: apelekwe kwa daktari, asisubiri. Alikuwa akipata hedhi, kisha miezi 3 imepita kimya: apelekwe. Na anayepewa vidonge vya uzazi wa mpango ili "siku zirudi" asidanganyike kwamba mfupa umepona. Damu ile inaletwa na kidonge, na inaweza kuficha tatizo lililobaki palepale.

Halafu kuna maumivu ya muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu chini ya goti. Karibu kila timu ina binti anayelalamika nayo. Mketishe, mguu aunyooshe, pitisha kidole gumba polepole kuanzia chini ya goti kushuka, ukibonyeza kingo ya ndani ya mfupa. Akisema panauma eneo refu la kiganja kizima au zaidi, na maumivu hupungua akishapasha mwili, mara nyingi ni uchovu wa kawaida wa mfupa na misuli inayoushikilia, mpunguzie mazoezi. Lakini kidole kikifika mahali pamoja, padogo kama sarafu, akaruka na kuuvuta mguu, mtoe uwanjani siku hiyohiyo. Hasa kama maumivu hayaondoki akipumzika au yanamwamsha usiku. Hapo huenda mfupa umeshapata ufa kwa kuchoshwa. Picha ya eksirei ya wiki za kwanza inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo picha safi isiwe kibali cha kumrudisha mbioni. Maumivu ya kinena kwa mkimbiaji ni ya haraka zaidi, kwa sababu ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja ukiachwa unaweza kukatika kabisa. Na binti akipata ufa wa pili ndani ya muda mfupi, tafadhalini msiishie kwenye viatu na uwanja. Muulizeni anakula nini, na hedhi yake ikoje.

Kuhusu chakula nitapita haraka. Kwa umri wa miaka 9 hadi 18 kiwango kinachopendekezwa Marekani ni miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, pamoja na vitamini D ya kuuwezesha mwili kuinyonya. Maziwa, mtindi, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao na mboga za majani husaidia. Lakini kalsiamu haimwokoi binti anayeshinda na njaa. Chakula cha kutosha kwanza, mengine yafuate.

Nimalizie na kile kinachowatoa uwanjani, maana yote niliyosema hayana faida kama binti hayupo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kwa siku, na angalau siku 3 kwa wiki yawemo ya kuimarisha misuli na mifupa. Kwa takwimu zake za mwaka 2016, asilimia 85 ya wasichana wa miaka 11 hadi 17 hawakuwa wakifikia kiwango hicho cha kila siku. Wavulana walikuwa asilimia 78, kwa hiyo wao pia wasijisifu.

Ukiwauliza mabinti kwa nini waliacha, wachache watakuambia hawapendi mchezo. Watakuambia kaptula ni fupi au inabana. Kifua kimeanza kuota, na hakuna aliyewaambia kuhusu sidiria ya michezo. Hakuna mahali pa kubadilishia pedi. Wako walioambiwa kwamba kuruka kunaharibu kizazi, jambo ambalo si kweli. Na wako wanaoogopa damu ionekane kwenye nguo nyeupe mbele ya watu.

Hili la mwisho halihitaji daktari wala bajeti. Wimbledon, mashindano ya tenisi yanayojulikana kwa ukali wa sheria yake ya mavazi meupe, yaliruhusu kuanzia mwaka 2023 wanawake wavae kaptula za ndani za rangi ya giza, baada ya wachezaji kueleza hofu hiyohiyo. Kama wao wameweza, timu ya shule inaweza kuchagua kaptula nyeusi au buluu msimu ujao. Walimu, muwe pia na mwanamke mmoja ambaye mabinti wanajua wanaweza kumwambia kuhusu siku zao bila jambo hilo kuzunguka timu nzima, na pedi chache kwenye begi la huduma ya kwanza, pamoja na bandeji.

Nipo tayari kwa maswali. Naomba tuanze na mabinti wenyewe, na makocha mtafuata.